Tarehe tatu kwenye kadi moja: uchambuzi wa kisa cha mimba iliyodaiwa kupitiliza

Kisa hiki nimewaandikia wakunga wenzangu na walio mafunzoni, ila mama mjamzito au mumewe akikisoma hatapotea njiani. Mama mwenyewe ameridhia kitumike. Jina, umri kamili na vituo alivyopitia nimeviondoa. Tarehe nimezisogeza, lakini hesabu zote zinafuata tarehe zilizoandikwa hapa, kwa hiyo anayetaka kuzikagua achukue kalenda. Nitamwita Bi. R. Sehemu ya kosa ni yangu mwenyewe, nitaitaja tukiifikia.

## Usuli

Bi. R alikuwa na miaka ishirini na kitu, mimba ya kwanza, hana kisukari wala presha, hajawahi kutumia uzazi wa mpango wa homoni. Kulikuwa na jambo moja tu la kutiliwa maanani, nalo hakuulizwa: tangu avunje ungo, hedhi yake ilikuwa ikija kila baada ya siku 38 hadi 42. Kwake hiyo ndiyo kawaida. Hakuona sababu ya kulitaja, kama vile mtu asivyotaja kwamba anatumia mkono wa kushoto mpaka apewe mkasi.

Hedhi ya mwisho aliikumbuka bila kusita. Ilianza 3 Machi. Mumewe alikuwa safarini kikazi tangu mwisho wa Februari, akarudi 25 Machi. Tarehe hii ya kurudi ishikeni. Ndiyo iliyoharibu mambo, na baadaye ndiyo iliyoyatengeneza.

## Mlolongo wa matukio

Mei. Mwanzoni mwa mwezi alipima mkojo nyumbani, mistari ikawa miwili. Tarehe 12 akaona matone ya damu, akaingiwa na hofu, akaenda peke yake kwenye kituo cha vipimo. Ultrasaundi ilionyesha kiinitete kimoja ndani ya mfuko wa uzazi, moyo unapiga, urefu kutoka utosini hadi kitakoni milimita 18, umri uliokadiriwa wiki 8 na siku 2. Matone yalikoma yenyewe. Alipewa karatasi, akaambiwa aanze kliniki.

Jioni ile mumewe aliisoma karatasi. Akafungua kalenda kwenye simu, akahesabu kurudi nyuma wiki 8 na siku 2, akatua tarehe 15 Machi. Siku hiyo yeye alikuwa bado safarini, na alirudi siku 10 baadaye. Yaliyofuata nyumbani si ya kuandikwa hapa. Itoshe kusema kwamba Bi. R aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa pochi, na kwa karibu miezi saba haikuonekana na mtu.

Juni. Tarehe 16 alianza kliniki akisindikizwa na mama mkwe. Aliulizwa hedhi ya mwisho, akasema 3 Machi. Akaulizwa kama amewahi kupiga ultrasaundi kwa mimba hii. Mama mkwe yuko kiti cha pembeni. Akasema hapana.

Muuguzi akazungusha kile kisahani cha karatasi cha kukadiria tarehe ya kujifungua, mshale ukaangukia 8 Desemba. Ukurasa wa pili wa kadi mwenzake akaandika 10 Desemba, kwa hesabu ya kichwa. Wote walikuwa sahihi. Kisahani huhesabu siku 280 moja baada ya nyingine. Hesabu ya kichwa ni ile tuliyofundishwa sote, yenye jina la Franz Naegele, daktari wa uzazi wa Kijerumani aliyefariki 1851: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, songeza mwaka ikibidi. Kwa kuwa miezi haina urefu mmoja, kanuni hiyo hutoa siku 280 kwa tarehe fulani na hadi 283 kwa nyingine. Siku 2 za tofauti hazimdhuru mtu. Nazitaja kwa sababu kadi ilikuwa na tarehe mbili tangu siku ya kwanza, na jicho likishazoea tarehe mbili halishtuki ikija ya tatu.

Agosti. Tarehe 4, kwa hesabu ya hedhi wiki 22 kamili, kilele cha mfuko wa uzazi kilikutwa kitovuni hasa. Kitovu ni alama ya takribani wiki 20. Ikaandikwa, ikapita.

Oktoba 13. Alitumwa ultrasaundi kuangalia mlalo wa mtoto na mahali lilipo kondo la nyuma. Karatasi ikarudi na wiki 33 na siku 1, tarehe ya matarajio 30 Novemba. Kwa hedhi alikuwa na wiki 32 kamili. Aliyeipokea karatasi aliamini kwamba mashine inajua zaidi. Akaikata 8 Desemba kwa mstari mmoja, na juu yake, kwa wino mwekundu, akaandika 30 Novemba.

Oktoba 25, usiku. Alikuja wodi ya wazazi tumbo likimkaza kila dakika 10. Niliyempokea ni mimi. Nilitazama kadi, nikaona wino mwekundu, nikahesabu: wiki 34 na siku 6. Nilipima kimo cha tumbo kwa utepe, nikapata sentimita 31, nikaandika 31. Shingo ya kizazi ilikuwa imefunguka sentimita 1, baada ya saa nne bado 1. Mkojo ulionyesha maambukizi, akatibiwa, maumivu yakatulia alfajiri. Daktari wa zamu aliniuliza kwa simu, "Wiki ngapi?" Nikamjibu, "Karibu 35." Suala la sindano za kukomaza mapafu ya mtoto likafungwa hapohapo, maana kwa kawaida hutolewa kati ya wiki 24 na 34 pale inapoonekana mtoto anaelekea kuzaliwa kabla ya wakati. Akaruhusiwa.

Desemba 7. Alirudi na barua ya rufaa yenye mstari mmoja: mimba ya wiki 41, aanzishiwe uchungu.

## Karatasi iliyotoka kwenye pochi

Safari hii pia nilikuwa zamu, na safari hii kuna kitu kilinikera. Barua inasema wiki 41. Shingo ya kizazi imefunga, ngumu, imeelekea nyuma. Hilo peke yake si ushahidi wa kitu, wapo wanaofika wiki 41 hivyohivyo. Lakini nilirudi kwenye kadi nikakuta zile 31 zangu za Oktoba. Kati ya wiki 24 na 36, sentimita za utepe hukaribiana na idadi ya wiki, kwa tofauti ya 2 au 3 hivi. Sentimita 31 kwa karibu wiki 35 ni pengo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliuliza. Ama mtoto hakui vizuri, ama wiki si hizo. Mimi sikuuliza lolote kati ya mawili.

Nilimwomba mama mkwe atusubiri nje kidogo. Nikaketi.

"Mama, hedhi yako huja kila baada ya siku ngapi?"

"Arobaini. Ikiwahi sana, thelathini na nane."

"Na hii ultrasaundi ya Oktoba ndiyo ya kwanza?"

Akanyamaza. Kisha akaivuta pochi, akafungua zipu ya ndani, akatoa kipande cha karatasi kilichofifia kwenye mikunjo kiasi kwamba tarakimu moja ilikuwa imekatika katikati. "Sista, hii ndiyo iliyoniletea balaa. Usimwonyeshe mtu."

Milimita 18. Wiki 8 na siku 2. Tarehe 12 Mei.

Kwa kuanzia pale, tarehe ya matarajio ni 20 Desemba. Nikafanya hesabu ya pili bila kutumia ile karatasi, ili nione kama zinakutana. Siku 280 zinachukulia mzunguko wa siku 28, yai likitoka siku 14 baada ya hedhi kuanza. Sehemu ya mzunguko inayofuata baada ya yai kutoka haibadiliki sana, huwa takribani wiki mbili kwa wanawake wengi. Inayorefuka au kufupika ni ile ya kabla. Kwa mwenye mzunguko wa siku 40, basi, yai hutoka karibu siku 26 baada ya hedhi kuanza. Ni siku 12 za ziada. 8 Desemba ongeza 12: 20 Desemba. Njia mbili zisizojuana zimefika mlango mmoja.

Kwa hiyo siku ile ya 7 Desemba, mama mmoja alikuwa na wiki 41 kamili kwa wino mwekundu, wiki 39 na siku 6 kwa hedhi, na wiki 38 na siku 1 kwa ultrasaundi ya mapema.

## Uamuzi, na kwa nini

Daktari wa zamu, kijana makini, alipendekeza tuchukue tarehe ya katikati. Naelewa alikotoka, kwani ukikuta watu watatu wanabishana unatafuta pa kuwapatanisha. Tarehe hazipatanishwi hivyo. Moja ina ushahidi bora kuliko nyingine, nayo ndiyo inayobaki. Ukizichanganya unaiharibu iliyo nzima kwa zilizo bovu.

Swali likawa: ipi ina ushahidi bora? Katika majuma ya mwanzo, viinitete vya watu warefu na wafupi, walioshiba na wenye njaa, hukua kwa mwendo unaofanana mno. Ukijua urefu umejua umri, kwa kosa la siku 5 hadi 7. Miezi ya mwisho hali ni nyingine kabisa. Urithi, kondo, sukari ya mama, lishe, vyote vimeshaweka alama zao, na mashine inayopima kichwa, tumbo na paja haiwezi kutofautisha mtoto mkubwa na mtoto mwenye umri mkubwa. Inachofanya ni kusema, "Mtoto wa kawaida mwenye vipimo hivi huwa na wiki kadhaa." Kosa lake linafika wiki 3 kila upande.

Mwongozo wa chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani, ACOG, uliotolewa 2017, umeliweka hili kwa namba ambazo mimi huzitembeza kichwani. Tarehe ya hedhi hubadilishwa na ultrasaundi ikiwa zinapishana kwa zaidi ya siku 5 kabla ya wiki 9. Zaidi ya siku 7 kuanzia wiki 9 hadi 15 na siku 6. Zaidi ya siku 10 kuanzia wiki 16 hadi 21 na siku 6. Zaidi ya siku 14 kuanzia 22 hadi 27 na siku 6. Na kuanzia wiki 28, zaidi ya siku 21. Pimeni kisa chetu kwa namba hizo. Tarehe 12 Mei, kwa hedhi, alikuwa na wiki 10 kamili, na ultrasaundi ilipishana na hedhi kwa siku 12. Hapo tarehe ilipaswa kubadilishwa. Tarehe 13 Oktoba ultrasaundi ilipishana na hedhi kwa siku 8 tu. Haikupaswa kugusa kitu. Sisi tulifanya kinyume mara zote mbili: tuliyopaswa kuifuata hatukuiona, tusiyopaswa kuifuata tukaiandika kwa wino mwekundu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchungu uanzishwe kwa mama ambaye inajulikana kwa uhakika kwamba ametimiza wiki 41. Mkazo uko kwenye uhakika. Chini ya hapo, mimba isiyo na tatizo huachwa. Mtoto wa wiki 38 si njiti, lakini wiki 39 hadi 40 na siku 6 ndizo zinazohesabiwa kuwa za kutimia kikamilifu, na wanaotolewa kabla ya hapo bila sababu hupata shida ya kupumua mara nyingi zaidi. Juu ya hilo, kumwanzishia uchungu mama wa mimba ya kwanza mwenye shingo ngumu iliyofunga ni safari ndefu ambayo kwa baadhi yao huishia chumba cha upasuaji.

Upande wa pili tuliuzungumza pia, na haukuwa mdogo. Kama tarehe yetu ya 20 Desemba ni ya uongo na huyu kweli ana wiki 41, kila siku ya kusubiri inaongeza hatari ya mtoto kufia tumboni. Ndiyo maana hatukuridhika na karatasi moja iliyochakaa. Hesabu ya mzunguko iliiunga mkono, kimo cha Agosti kiliiunga mkono, kimo cha Oktoba kadhalika. Presha ilikuwa sawa, mkojo hauna protini, moyo wa mtoto unapiga vizuri, maji yanayomzunguka yanatosha, naye anacheza kama kawaida.

Uamuzi: uchungu usianzishwe. Arudi tarehe 11, kisha 15. Mtoto akipunguza kucheza, maji yakivunjika au damu ikitoka, aje saa hiyohiyo bila kungoja tarehe. Asipojifungua hadi 27 Desemba, wiki 41 kamili kwa tarehe sahihi, ndipo tuanzishe.

Kadi tukaiandika upya: 20 Desemba, na pembeni yake, "ultrasaundi 12/5, mm 18". Zile nyingine tulizikata kwa mstari unaosomeka, na sababu ikaandikwa.

## Mazungumzo na mume

Hii haikuwa kwenye mpango wa matibabu. Bi. R ndiye aliyeomba: "Mwite umweleze wewe, mimi hanisikilizi."

Nilichukua fomu ya maabara iliyoharibika, nikaigeuza nyuma, nikachora mstari mmoja mrefu. Mwanzo wake nikaandika 15 Machi, mwisho wake 12 Mei. Nikamwambia, "Baba, umehesabu vizuri kabisa. Wiki 8 na siku 2 zinaanzia hapa." Kisha nikaweka alama wiki mbili mbele, 29 Machi. "Lakini mimba imeanzia hapa."

Alitazama zile wiki mbili kwa muda. "Kwa hiyo hizi mnazihesabu za nini?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wanafunzi. Tunazihesabu kwa sababu wanawake wengi wanajua hedhi yao ilianza lini, na karibu hakuna anayejua yai lilitoka lini. Hesabu ikaanzishwa pale panapoonekana. Siku 280 zinaanzia hedhi. Mtoto mwenyewe, tangu yai lirutubishwe, anakaa tumboni takribani siku 266. Zile 14 za mwanzo mwili unakuwa kwenye hedhi na kulikomaza yai. Mimba haipo. Ultrasaundi nayo haikuiona hedhi ya mtu, ila imefundishwa kuzungumza lugha hiyohiyo: inaupima urefu, inapata umri, inaongeza wiki mbili, inachapisha. Kwa mzunguko wa siku 28 mwanzo huo huangukia siku halisi ya hedhi. Kwa Bi. R, hedhi halisi ilikuwa 3 Machi, na mwanzo wa mashine ukaangukia 15 Machi, siku ambayo kwenye maisha yake halikutokea jambo lolote.

Akahesabu mwenyewe kwenye simu, kutoka 25 hadi 29. Siku 4. Akaifunga simu.

Kuna tahadhari nilimpa na ninawapa nanyi. Hesabu ya wiki haithibitishi baba wala haimkanushi, kwa kuwa hata kipimo bora kina kosa la siku kadhaa. Nilichokuwa naweza kusema ni kwamba ile karatasi aliyoigombania haikuwa na shtaka lolote ndani yake. Zaidi ya hapo si kazi ya mkunga, na mwenzangu anayeingia humo akidhani ana kisahani cha kuamulia ndoa atajuta.

## Matokeo

Uchungu ulianza wenyewe usiku wa kuamkia 18 Desemba. Alijifungua kwa njia ya kawaida mchana wake, akiwa na wiki 39 na siku 5. Mtoto alilia mara moja, kilo 3.5. Ngozi haikuwa kavu wala kubanduka, kucha hazikuwa ndefu, utando mweupe bado ulikuwa umebaki makwapani na kwenye mikunjo ya mapaja, nyayo zimejaa mistari hadi kisiginoni. Kwa wino mwekundu alipaswa kuwa mtoto wa wiki 42 na siku 4, na hakuna kilichofanana na hilo mwilini mwake. Dalili za mwili wa mtoto zina kosa la takribani wiki mbili, kwa hiyo sizichukui kama hukumu. Nazichukua kama shahidi wa nne asiyepingana na wale watatu.

Uzito nao unaeleza mashine ya Oktoba ilichokiona: mtoto mwenye mwili mzuri tu.

## Uchambuzi

Nianze na langu. Oktoba 25 Bi. R alikuwa na wiki 32 kamili. Kwa hedhi, ile tarehe iliyokatwa na bado inasomeka, alikuwa na 33 na siku 5. Katika hesabu zote mbili alikuwa ndani ya dirisha la sindano za mapafu. Alitolewa nje na ile moja iliyokuwa dhaifu kuliko zote, nami nikaisoma kwa simu kama iliyoteremshwa. Huenda bado asingechomwa, maana shingo haikuendelea kufunguka na maumivu yalikuwa na chanzo. Lakini hatukulijadili. Mtoto angetoka usiku ule, tungempokea kama wa karibu wiki 35 na kushangaa mbona anahangaika kupumua. Watu wakisikia kosa la tarehe hufikiria mama aliyepitiliza. Mimi tangu hapo naliogopa zaidi lile la kumpa mtoto wiki asizokuwa nazo, kwa sababu linauficha unjiti wake.

Na neno "karibu 35" lilikuwa kosa ndani ya kosa. Wiki 34 na siku 6 ni wiki 34. Tunahesabu zilizotimia, na siku zinabaki siku. Tukianza kukaribisha, mmoja anasema 35 akimaanisha zilizokamilika, mwingine anasema wiki ya 35 akimaanisha anayoiishi, na kwenye simu ya usiku tofauti hiyo haisikiki.

Kliniki ya Juni ilikosa swali moja. Kuuliza "hedhi ya mwisho lini" bila kuuliza "huja kila baada ya siku ngapi" ni kuchukua nusu ya jibu. Nusu nyingine ina ndugu zake: je, ilikuwa ya kawaida kwa wingi na siku, au matone tu? Wapo wanaotokwa na matone mimba inapojishikiza, wakayahesabu kuwa hedhi, mimba ikapunjwa karibu mwezi mzima. Je, ulikuwa umetoka kwenye sindano au vidonge vya kupanga uzazi? Je, ulikuwa unanyonyesha? Katika hali hizo yai hurudi kwa ratiba yake, na siku 280 hazina pa kushika. Wanaopandikiziwa kiinitete ndio peke yao wanaotupumzisha: kikiwa cha siku 5, ongeza siku 261 tangu kilipowekwa, basi.

Ultrasaundi ya Oktoba siilaumu. Iliombwa kwa mlalo na kondo, ikajibu vyote viwili. Tarehe ilijichapisha yenyewe chini ya karatasi, kama mashine zinavyofanya. Kosa lilitokea mezani kwetu, pale tarehe mpya ilipochukuliwa kuwa tarehe bora. Ikishawekwa kwa kipimo cha mapema, tarehe haiguswi tena. Ultrasaundi za baadaye zinaeleza ukuaji wa mtoto. Kama Mei ingekuwa kwenye kadi, karatasi ya Oktoba ingesomwa hivi: mtoto wa wiki 30 na siku 2, vipimo viko juu, sukari ya mama ipimwe. Swali hilo halikuulizwa kamwe, na ni bahati yake kwamba jibu halikuwa baya.

Kilichofanya kazi ni kidogo. Mama alikumbuka hedhi yake vizuri. Aliitunza karatasi badala ya kuichana. Tarehe za zamani zilikatwa kwa mstari mmoja, hazikufutwa, tukaweza kuzifufua. Na utepe, kifaa cha bei rahisi kuliko vyote wodini, ulisema kweli mara zote; ilikuwa ni sisi kuusikiliza.

Lakini kiini cha kisa, kwa maoni yangu, kiko Mei 12, kwenye sekunde chache ambazo mpimaji alimkabidhi karatasi. Alipima sawasawa. Hakusema kwamba wiki mbili za mwanzo ni za kuhesabia tu. Kwake ni jambo la alfabeti. Kwa nyumba ile likawa ugomvi, ugomvi ukaificha karatasi, karatasi ikakosekana kliniki, na mama akafika mlangoni kwa dripu ya uchungu akiwa na siku 13 mkononi. Ushahidi bora kabisa wa umri wa mimba ile ulipotea kwa sababu uliandikwa kwa lugha ambayo mwenye mimba hakufasiriwa. Miezi tisa ya mitaani nayo inachangia: ukimwambia mtu wiki 40 anagawanya kwa nne, anapata miezi kumi, anahisi unamficha kitu. Siku 280 ni miezi tisa ya kalenda na takribani juma moja. Mweleze hivyo. Mweleze pia kwamba wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa ni kama mmoja kati ya 20, ili asubuhi ya siku hiyo isimkute analia.

Jambo moja halijanikaa sawa. Bi. R aliulizwa Juni kama amepiga ultrasaundi, akakana. Swali lilikuwa sahihi, kiti cha pembeni ndicho kilikuwa na mtu. Siku hizi, kabla ya kugusa kisahani, namwomba aliyemsindikiza atupishe kidogo, kisha nauliza kama kuna karatasi yoyote iliyobaki nyumbani au kwenye pochi. Mara nyingi ipo.